Sauti Hii Inambeba Nani?

Usiku ukitulia, besi ya kanisa letu la Chara husikika kabla ya kitu kingine chochote. Anayekuja kwa mtumbwi hasikii kwanza waimbaji, wala kinanda, wala kayamba za akina mama. Husikia mngurumo. Maneno ya wimbo hukatikia njiani, kwenye migomba na miembe, lakini mngurumo hupita. Mimi ndiye ninayeupiga, na tangu nianze nimeambiwa na wazee wa kanisa, kwa upendo na nia njema, kwamba mpiga besi mzuri ni yule asiyeonekana. Akae nyuma karibu na spika, ashike noti zake, awaachie wengine uso wa ibada. Jumapili moja mzee ninayemheshimu sana aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, leo besi yako ilikuwa ikisema peke yake." Hakuwa na hasira. Alikuwa akinikinga na kiburi, kama mzazi anavyopaswa.

Neno lake limenikaa moyoni, kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa kuliko besi. Kipaji alichopewa mtu na Mungu, kikijitokeza mbele za watu hata wakageuza macho kukitazama, kinabaki kuwa ibada au kinakuwa maonyesho? Na kitu kilichofichika, je, ni kitakatifu zaidi kwa sababu kimefichika? Sisi Wapokomo tuna sababu yetu ya kuliuliza swali hili. Sauti kuu kuliko zote zilizowahi kulia katika bonde la Mto Tana ilitoka kwenye chombo ambacho karibu hakuna aliyeruhusiwa kukiona.

Chombo hicho ni ngadzi, ngoma kubwa ya gogo iliyowambwa ngozi. Haikupigwa kwa kiganja wala kwa kigongo; ni ngoma ya kusuguliwa, na msuguo ule ndio uliotoa mvumo wake. Ilihifadhiwa msituni, mahali palipojulikana na wazee wachache waliokabidhiwa dhamana hiyo. Wengine wote waliisikia tu. Ilipolia, watu walijua kuna jambo: mtawala anasimikwa, jamii inaitwa, neno zito linataka kutamkwa.

Elimu ya sauti imenisaidia kuelewa nguvu yake. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa langu la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi moja la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi refu kiasi hicho halizuiwi na shina la mwembe wala ukuta wa udongo, hulizunguka likaendelea. Tena masikio yetu mawili yametenganishwa na upana wa kichwa tu, na kwa wimbi refu namna hiyo hayana kipimo cha kutosha kukisia limetoka upande gani. Sauti nyembamba ya ndege utaielekezea kidole. Sauti nzito iko pande zote. Kwa hiyo mtu aliyelala nyumbani kwake akaisikia ngadzi usiku, asijue inatoka wapi, hakuwa mjinga wala mshirikina. Masikio yake yalimpa habari kama yalivyoipata.

Lakini hapo ndipo penye hatari, na nalisema hili nikiwaheshimu babu zetu. Sauti isiyo na mahali ni rahisi kudhaniwa kuwa ni sauti ya Mungu mwenyewe, na wachache wanaojua ilipo huweza kuwatawala wasiojua. Ile siri ya msituni ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ililinda heshima ya kitu kitakatifu, na ililinda madaraka ya watu. Kazi hizi mbili huvaa nguo moja, na mtu aliye nje hawezi kuzitofautisha. Ndiyo maana sikubali moja kwa moja kwamba kujificha ni unyenyekevu. Mara nyingine aliyejificha ndiye mwenye nguvu kuliko wote waliomo chumbani.

Nililazimika kuyafikiri haya kwa undani baada ya kukutana na tamasha moja la mpiga besi wa Marekani, Jaco Pastorius. Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1951 Pennsylvania, akakulia Fort Lauderdale, mji wa pwani ya Florida, na utotoni alihudumu altareni katika kanisa Katoliki. Kabla yake, besi ya umeme katika bendi nyingi ilifanya kile anachokitaka mzee wangu: ilikaa nyuma ikashika msingi. Yeye aling'oa vile vyuma vidogo vinavyoigawa shingo ya gitaa, akaziba mianya iliyobaki, kisha akapaka juu yake gundi ngumu inayotumiwa kwenye boti. Sisi tunaoishi kwa mitumbwi tunajua thamani ya kitu kinachostahimili maji na msuguo. Kidole chake sasa kiliweza kuteleza kutoka noti hadi noti bila kugonga ukingo wowote, na besi ikapata koo la mwimbaji. Mwaka 1976 alitoa albamu iliyobeba jina lake, na mwaka huohuo akajiunga na Weather Report, kundi lililounganisha jazi na vyombo vya umeme na midundo ya mataifa mengi. Mwaka 1977 walitoa Heavy Weather. Baada ya hapo wapiga besi wa kila mahali walijua kwamba chombo chao kina mdomo.

Tamasha ninalolisema lilifanyika tarehe 1 Desemba 1981, siku alipotimiza miaka 30, katika klabu ya Mr. Pip's hukohuko Fort Lauderdale. Aliwaita rafiki zake: Michael Brecker na Bob Mintzer kwenye saksafoni, Peter Erskine kwenye drams, Don Alias kwenye ngoma za mkono, Othello Molineaux wa Trinidad kwenye ngoma za chuma, na kikosi kizima cha tarumbeta na trombone. Rekodi yake ilitolewa mwaka 1995, Jaco akiwa ameshafariki. Mimi huisikiliza kwenye simu, na lazima niivalie visikizi, kwa sababu spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini. Ukiisikiliza bila visikizi utawasikia wageni wote waalikwa, na mwenye sherehe hutamsikia.

Katika "The Chicken", wimbo wa Pee Wee Ellis, besi inashika kifungu kifupi chenye kurukaruka na kukirudia, na kikosi kizima cha wapulizaji kinakaa juu yake. Katika "Continuum", wimbo wake mwenyewe, besi ile ile inatoka mbele ikaimba, kila noti ikiwa na mtetemo na kivuli chake. Nimesikiliza mara nyingi nikitafuta mahali anapoacha kuwa mtumishi akawa bwana. Sijapaona. Anapoimba mbele, mkono wake bado unashika saa ya wenzake. Wapulizaji wakiingia kwa kishindo, anashuka chini yao bila kugombea nafasi. Mtu yule yule, usiku ule ule, anasema na anabeba. Niliposikia hivyo nilijua kwamba mzee wangu na mimi tulikuwa tukibishania mahali pa kusimama, na mahali pa kusimama sipo penye jambo lenyewe.

Mzee wangu ana Maandiko upande wake. Katika Mathayo sura ya 6, Yesu anawaonya wanaofanya mema ili watazamwe na watu, na anawatuma wanaosali waingie chumbani wakafunge mlango. Hakuna Mkristo anayeweza kulipuuza onyo hilo. Lakini katika hotuba ile ile, sura moja tu kabla, Yesu huyohuyo anasema taa haiwashwi ikafunikwa, bali huwekwa juu ya kinara iwaangazie wote waliomo nyumbani. Zamani nilidhani mafundisho haya mawili yanavutana. Sasa naona yanauliza jambo moja. Taa haikuwekwa juu ili watu waikodolee macho. Iliwekwa juu ili waonane, wale, washone, wasome. Ukiingia nyumbani ukaona taa peke yake na usione mtu, kuna hitilafu. Na taa iliyofichwa uvunguni, hata ikiwa na unyenyekevu wote wa dunia, imewaacha watu gizani.

Kwa kipimo hiki swali la mpiga besi linabadilika. Kuonekana au kutoonekana kwake ni jambo dogo. La kumuuliza ni hili: ni nani aliyeweza kuimba kwa sababu yake? Ikiwa mama aliyekuja kanisani na huzuni amepata noti ya kuegemea akafungua kinywa, besi imeabudu, iwe imesikika au haikutambuliwa. Ikiwa watu wamenyamaza wote wakabaki kunitazama vidole, na nyumbani wamerudi watupu, nimewanyang'anya ibada yao, hata kama nilikaa nyuma kabisa ya spika.

Maandiko yananipa mifano mingine, na yote inaelekea upande huo. Katika Kutoka sura ya 31, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu, na tunda la Roho huyo ni ufundi: dhahabu, fedha, shaba, mawe, mbao, kazi za kuonekana kwa macho. Katika Samweli wa Pili sura ya 6, Sanduku la Agano, ambalo halikuguswa na mkono wa kila mtu, linapita katikati ya umati wa watu, na mfalme Daudi anacheza mbele yake kwa nguvu zake zote. Mikali, mkewe, anamdharau kutoka dirishani kwa sababu amejionyesha. Kitabu hakimuungi mkono Mikali. Kisha, saa ya kifo cha Yesu, pazia la hekalu linapasuka kutoka juu hadi chini. Mimi ninayeliamini pazia lililopasuka siwezi tena kumpimia mtu utakatifu kwa unene wa pazia lake.

Ndugu zetu Waislamu wamepita njia hii pia, na si mbali na hapa. Mjomba wangu wa upande wa Ozi hunikumbusha habari za Habib Saleh wa Lamu, mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha. Alipoyakaribisha matari katika maulidi, wapo wakubwa wa mji waliopinga wakiona ni kuivunjia dini heshima. Leo maulidi ya Lamu hukusanya watu kutoka pwani nzima na ng'ambo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima katika Ihya, mkusanyo wake mkubwa wa mafundisho ya dini, kwa ajili ya hukumu za kusikiliza, na hoja yake mojawapo ni kwamba sauti nzuri haiweki moyoni kisichokuwemo, huamsha kilichomo. Mjomba huniambia, "Basi usimuulize mpigaji tu, mwanangu. Muulize na msikilizaji amekuja na moyo gani." Nalikubali neno hilo. Mpigaji hubeba, lakini hawezi kumbeba aliyekataa kupanda.

Najua jibu watakalonipa baadhi ya wahubiri kuhusu Jaco. Watasema: tazama mwisho wake. Alikuwa akijitambulisha kwa watu kuwa yeye ni mpiga besi bora kuliko wote duniani. Kisha akaanguka, kwa kipindi fulani aliishi bila makao mitaani New York, na Septemba 1987 alipigwa vibaya nje ya klabu moja karibu na nyumbani kwao Florida, akafariki tarehe 21 mwezi huo akiwa na miaka 35. Kiburi, watasema, na mshahara wake.

Nalikataa jibu hilo kwa moyo wangu wote. Jaco alikuwa mgonjwa. Mwaka 1982 madaktari walimtambua kuwa na ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwenye furaha isiyo na breki, kisha kumshusha kwenye giza, na pombe ilimzidishia. Kuugeuza ugonjwa kuwa hukumu ya Mungu ni ukatili tunaoufanya hata huku kwetu kwenye delta ya Tana, ambako kijana akichanganyikiwa hutafutwa kosa la baba yake kabla ya kutafutwa daktari. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyohivyo, na mwishoni mwa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Kama Jaco alikosea kwa kujisifu, ni kosa la mdomo wake. Mikono yake iliendelea kuwabeba wenzake, na imebeba wapiga besi wengi wasiohesabika, mimi nikiwa mmoja wao.

Tamasha lile linafungwa na "Amerika". Besi inabaki peke yake na kuupiga wimbo wa kuisifu nchi yao, polepole, bila mbwembwe. Kila nikifika hapo akili yangu hurudi Tana. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, kamati ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume. Hawakuagiza tuni kutoka Ulaya. Waliichukua tuni ya bembelezi ya Kipokomo, na jina linalotajwa kwetu kwa fahari kuwa chimbuko lake ni la Mzee Meza Morowa Galana. Tuni ambayo mama humtulizia mtoto asiyetaka kulala ndiyo inayowasimamisha marais na wanajeshi.

Ziweke sauti hizi mbili za Wapokomo kando kwa kando. Ngadzi ilifichwa kwa amri. Bembelezi ilifichika kwa sababu kazi yake ilikuwa mapajani, gizani, kwa msikilizaji mmoja. Ngadzi ilikuwa ya wachache wenye cheo. Bembelezi ilikuwa ya kila mwanamke, hata asiye na chochote. Bembelezi ilipoitwa mbele ya taifa zima haikupungukiwa na utakatifu wake hata kidogo, kwa sababu tangu mwanzo haikuwa na kazi nyingine isipokuwa kumbeba mtu. Ilimbeba mtoto, ikaitwa kubeba nchi, ikaweza.

Wala sisemi kwamba wimbo ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2012 sisi Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji tuliuana katika delta hii, kuanzia Riketa mwezi Agosti, kisha Chamwanamuma, Kilelengwani, hadi Kipao mwezi Desemba. Watoto wa pande zote mbili walikuwa wameimba tuni ile ile shuleni. Haikuzuia panga wala moto. Lakini tulipoketi tena kwenye baraza, wakulima na wafugaji, watu wasiotazamana usoni, kitu pekee tulichoweza kukifanya kwa pamoja kabla ya kuanza kusemezana kilikuwa kusimama na kuimba. Neno la Mjomba lilitimia hapo: sauti humbeba aliyekubali kubebwa. Lazima iwepo, hata hivyo, ikimngoja siku atakapokubali.

Ndiyo maana natangaza msimamo wangu kuhusu ngadzi, ingawa mimi ni Mkristo na sitaiabudu. Mapema karne ya 20 maofisa wa Kiingereza waliichukua kutoka kwetu, na tangu mwaka 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mfalme wetu, Makorani-a-Mungase VII, amekwenda akaiona. Haikuwa hata kwenye kabati la vioo mbele ya wageni, ilikuwa ghalani. Ngoma iliyofichwa na babu zetu ili isikike bila kuonekana imefichwa na wengine, haionekani wala haisikiki. Linganisha na gitaa la Jaco: liliibwa New York mwaka 1986, likapotea kwa takriban miaka 20, na lilipojitokeza Robert Trujillo, mpiga besi wa Metallica, alitoa fedha zake likombolewe. Watu walifurahi, na hakuna aliyesema familia ya Jaco haifai kulitunza. Nasi tuna familia.

Wapo Wakristo na Waislamu wa kwetu wanaosema iachwe huko, kwa sababu ni chombo cha ushirikina na kuondoka kwake kulikuwa rehema. Nawaomba wafikiri tena. Wamethodisti walipofika Golbanti na Wajerumani wa Neukirchen walipofika Ngao, katika miaka ya 1880, walileta Injili, na Injili humwita mtu aache kitu kwa hiari yake. Aliyenyang'anywa hakutubu, amenyang'anywa tu. Ibrahimu hakuvunjiwa sanamu na jeshi la kigeni. Sisi hatukupewa nafasi ya kuamua kuhusu ngadzi, na imani isiyopewa nafasi ya kuamua haijajaribiwa. Irudi kwanza mikononi mwetu, ndipo kila mmoja wetu, kwa dini yake, aseme kwa uhuru atakaa nayo vipi.

Na ikirudi, isirudishwe msituni. Wazee wa gasa, baraza letu la jadi, waipokee, kwa kuwa ni haki yao, lakini waiweke mahali ambapo msichana wa shule kutoka Chara au Kipao anaweza kuingia, akaikaribia, akaona ngozi imewambwaje na gogo limechongwaje. Bibi wa bibi zake waliisikia bila kuruhusiwa kuitazama, na hao ndio waliotunza bembelezi iliyoipa Kenya sauti. Isuguliwe mbele ya wajukuu wao, Waorma na jirani zetu Wawardei wakiwa wamealikwa, na mimi nitakuwepo na mzee wangu wa kanisa. Kama itatukusanya, tumshukuru Mungu kwa kazi ya mikono ya babu zetu. Kama haitatukusanya, tutakuwa tumeipima wenyewe, mchana, macho yetu yakiwa wazi.